Nusu ya Somo

Mwaka 1999 nilirudi nyumbani Kinyangiri nikiwa na sapu moja. Kama hujawahi kurudia mtihani wa udaktari huku kijiji kizima kinakuita daktari, hujui maana ya kukosa pa kuweka uso. Nilikuwa mwaka wa pili. Somo lililoniangusha lilikuwa kinga ya mwili, na ndani ya somo hilo nilianguka kwenye swali moja tu, swali la seli wauaji. Nilikuwa na wiki tatu za kusoma kabla ya kurudi Dar es Salaam.

Sikuweza kutulia. Nikikaa kwenye kigoda nahisi kinaniunguza. Nilisoma nikitembea, naizunguka nyumba na daftari mkononi, mpaka kuku wakaanza kunikimbia.

"We Dorika, kaa chini," mama alisema. "Unanitia kizunguzungu."

Nilikaa dakika mbili, nikainuka tena. Tangu shule ya msingi nina njia moja tu ya kushika kitu kichwani, nayo ni kumfundisha mtu mwingine. Mama, Damari, alikuwa na maandazi yake ya kuuza mnadani na hakutaka kusikia habari za seli. Kwa hiyo nikamfundisha baba.

Baba yangu, Mzee Isaka, alikuwa mzee wa kanisa na kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Shingoni alivaa filimbi iliyofungwa kwa kamba nyeusi ya kiatu. Alilala nayo, alilima nayo, alipokea meza ya Bwana nayo chini ya shati. Sheria ya filimbi ile kila mtu aliijua. Kabla haijapulizwa, hakuna kumgusa mtuhumiwa hata kwa ukucha. Ikishapulizwa, kila mwanaume aliyepo lazima apige, na asiyepiga anatozwa mbuzi, ili baadaye asiwepo wa kumtolea mwenzake ushahidi. Kwa hiyo uhai wa mtu ulikuwa kwenye pumzi ya baba yangu, na mimi nilikua nikiona ni jambo la kawaida.

Nilimkuta uani akishona kamba za ngozi za nira.

"Baba, ndani ya damu yako kuna walinzi," nilimwambia. "Wanazunguka mwili mzima. Wakikutana na seli, hawaiulizi jina. Wanaipapasa juu yake kutafuta kitambulisho. Kila seli yako imevaa kitambulisho chako, cha Isaka peke yake. Wakikigusa, mkono wao unazuiwa, wanaiacha wanapita."

"Na wasipokigusa?"

"Basi hakuna cha kuwazuia."

Aliweka msharasi chini. "Kwa nini seli ikose kitambulisho chake yenyewe?"

"Virusi vikiingia ndani vinakificha. Kuna askari wengine ambao wanasoma kwenye kitambulisho hicho mambo yanayoendelea ndani ya seli. Virusi havitaki kusomwa, kwa hiyo vinakiondoa. Vinafikiri vimepona, kumbe hawa wauaji kazi yao ni kumshuku yule asiye na kitambulisho."

Baba alipiga paja akacheka. "Barua ya balozi!"

Alikuwa na haki ya kucheka. Mtu yeyote aliyeleta ng'ombe mnadani kwetu alitakiwa kuwa na barua ya balozi wake wa nyumba kumi, yenye jina lake, rangi ya ng'ombe na mahali alikotoka. Ukiwa nayo unapita. Ukiwa huna, unaketi chini mikono kichwani mpaka kamanda aamue.

"Mwanangu, mnasoma miaka mitano kitu ambacho sisi tunakifanya hapa mnadani bure," alisema. "Kama yule wa mwaka themanini na nane. Hakuwa na barua. Sikuuliza la pili."

Nilimkumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mtu mwenyewe sikumwona, maana watoto tulifungiwa ndani siku ile, lakini maksai wake nilimjua vizuri. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mwenye paji jeupe. Aliwekwa kwenye zizi letu tangu mwezi wa kumi akimsubiri mwenyewe aliyeibiwa aje kumchukua. Hakuna aliyekuja. Mvua zilipoanza tulimfunga nira, akasimama tu, akawa anaangalia njia. Siku ya Krismasi kijiji kilimchinja, na mimi binti wa kamanda nikapewa maini. Yalikuwa matamu, nasema hivyo kwa sababu ndio ukweli.

Hapo ndipo nilipaswa kuendelea na somo. Daftari langu lilikuwa na kurasa tatu zaidi, zile zile ambazo sikuzisoma kabla ya mtihani. Swali lililoniangusha lilikuwa fupi: chembe nyekundu ya damu haina kitambulisho, mbona wauaji hawaiui? Niliacha nafasi tupu. Lakini jioni ile baba alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nimechoka kujiona mjinga. Kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke mtu alikuwa ananielewa. Nikafunga daftari.

Siku nne baadaye mama alirudi kutoka mkutano wa kijiji akanikuta bado nazunguka nyumba.

"Baba yako kakutaja leo mbele za watu," alisema.

"Kanitaja kwa lipi?"

Alinieleza. Wiki ile Ezekieli, jirani yetu wa upande wa mto, alikuwa ameibiwa ng'ombe watatu, na watu walikuwa na hasira. Katika mkutano, wengine walisema sheria ya barua sasa ina matatizo, wenye shida na mabalozi wao wasikilizwe kwanza. Baba alisimama akakataa. Alisema hata ndani ya damu Mungu ameweka walinzi, na asiye na barua haulizwi maswali, anamalizwa. Alisema binti yake daktari ndiye aliyemthibitishia.

"Watu wakapiga makofi," mama alisema. "Ezekieli alipiga mpaka akasimama."

Jua lilikuwa halijazama. Nikakaa mlangoni, nikazisoma zile kurasa tatu, na safari hii nilikaa kweli.

Muuaji ana mikono miwili. Mmoja unamzuia, mwingine unamsukuma. Kitambulisho kinaushika ule unaozuia. Kikikosekana, mkono huo unalegea, lakini kulegea peke yake hakutoshi. Lazima na ule unaosukuma uguse kitu: alama za dhiki, ambazo seli huziweka juu yake inapougua, inapoharibika, inapogeuka kuwa saratani. Muuaji anapima mikono yote miwili ndipo anaamua. Chembe nyekundu ya damu haina kitambulisho, sawa, lakini pia haina alama yoyote ya ubaya. Kwa hiyo inapita mbele ya wauaji maisha yake yote wala hawaigusi. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu la alama kumi.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mwili ukiwa na vita, seli zilizoshambuliwa humwaga kemikali inayowatia wauaji joto. Wakishapata joto, kitu kidogo tu kinatosha kuwafanya waue. Nilisoma mstari huo nikamfikiria Ezekieli anapiga makofi.

Nilitakiwa kumwambia baba usiku ule ule. Sikumwambia. Alikuwa amesimama mbele ya kijiji kizima kwa neno langu, halafu mimi nije kumwambia neno lenyewe lilikuwa nusu? Niliona haya. Nikajiambia kesho. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, na nilipoamka alikwisha ondoka.

Nilimsaidia mama kubeba birika na beseni la maandazi mpaka uwanjani. Mnada ulikuwa umekua miaka ile. Tangu biashara ifunguliwe, wanunuzi walikuja na malori kutoka Arusha na kutaja bei waliyotaka wenyewe, na wauzaji walitembea kutoka mbali kuifuata bei hiyo. Mabalozi nao hawakuwa wale wa zamani. Tangu vyama vingi viingie, balozi alikuwa mtu wa chama chake, na ukihama chama unaweza kukuta hana wino kwa ajili yako. Hilo sote tulilijua. Sheria ya mnada haikulijua.

Nilimtafuta baba kwa macho. Nilimwaga chai kwenye sahani ya mteja, nikamrudishia mwingine chenji mara mbili. Kila nikimwona baba, amezungukwa na watu. Nilisema ngoja wapungue. Halafu sauti ya mnadishaji ikakatika katikati ya bei.

Mnada ukinyamaza ghafla, mtu wa kwetu anajua kuna nini. Niliacha birika pale pale nikakimbia.

Mtu alikuwa amechuchumaa katikati ya duara, mikono kichwani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa sweta la mtumba la kijani, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Ng'ombe wake walikwisha swagwa kando na kuchanganywa na wengine kule kwenye josho la kuogeshea mifugo. Baba alisimama mbele yake. Ezekieli alikuwa pembeni na rungu, anahema.

"Umetoka wapi?" baba aliuliza.

"Mtinko, mzee wangu. Naitwa Paschal. Maksai ni wangu, wawili."

"Barua?"

"Balozi kanikatalia. Nilihama chama mwaka juzi. Kasema nikaombe barua huko nilikohamia."

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri.

"Kila mwizi ana hadithi," Ezekieli alisema. "Kamanda, huyu hana barua. Jana tumekubaliana wote. Puliza twende."

Baba alitoa filimbi ndani ya shati akaiweka mdomoni. Niliona kifua chake kinajaa.

Mwanamke haingii kwenye duara la sungusungu. Niliingia. Nilipita chini ya mkono wa mtu, nikajikuta nimesimama kati ya baba na yule mtu, na kila nilichokuwa nimepanga kusema kikapotea. Ulimi ukatafuta kitu unachokijua. Sikuwa nimemwamkia baba tangu asubuhi.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Akatoa filimbi mdomoni. "Marahaba," alijibu.

Hakuweza kufanya vingine. Hajawahi kuacha shikamoo ya mtoto wake bila jibu, na huwezi kuitika marahaba na filimbi kati ya meno. Nikaipata nafasi hiyo moja.

"Baba, nilikufundisha nusu. Nusu ya pili sikuwa nimeisoma. Kukosa kitambulisho hakutoshi. Wale walinzi wa kwenye damu wanatafuta na alama ya ubaya. Wasipoiona wanaacha. Damu yako yote nyekundu haina kitambulisho, baba, na ungekuwa umekufa kama wangefanya hivi mnavyofanya."

"Mtoe huyo!" Ezekieli alipiga kelele. "Daktari gani mwenye sapu!"

Kwa hiyo walijua. Kijiji kizima kilijua. Masikio yalinichemka, na aibu yangu yote ya wiki mbili ikageuka hasira.

"Ndiyo, nina sapu," nilimwambia. "Na niliipata kwa kosa hili hili unalotaka kulifanya wewe. Mimi nitarudia mtihani. Wewe utarudia nini?"

Nikamgeukia baba. "Muulize Ezekieli walioibiwa walikuwa ng'ombe gani."

Baba alimtazama Ezekieli.

"Mitamba, majike wote," Ezekieli alisema. "Lakini mwizi ni mwizi."

"Nani hapa amepotelewa na maksai?" baba aliuliza duara zima. Hakuna aliyesema. Lakini hakuna aliyeshusha rungu pia. Wote walikwisha pata joto, na nilijua maneno yangu hayatashinda muda mrefu.

Ndipo yule mtu aliposema, bado amechuchumaa. "Mzee, niruhusu niwaite tu. Niwaite."

Uso wa baba ulibadilika. Nilidhani ni hasira.

"Umesemaje?"

"Niwaite, mzee. Wananilimia mwaka wa tano huu. Hata nisisimame, niwaite nikiwa hapa hapa chini."

Watu wakaanza kutazamana. Sijawahi kumwona akichelewa hivyo kutoa amri.

"Waite," alisema.

Paschal alilamba midomo. Akatoa mlio kwa ulimi, kisha akaita kwa sauti kubwa. "Meneja! We Meneja! Na wewe Sikujua! Njooni!"

Kule josho kulikuwa na ng'ombe kama thelathini. Wengi hawakuinua hata vichwa. Kisha maksai mweusi akajisukuma kutoka katikati ya wenzake, na nyuma yake mwingine wa madoadoa akiburuza kamba. Walikuja moja kwa moja, watu wakawapisha. Walipomfikia yule mtu walizunguka nyuma yake bila kuswagwa na mtu. Mweusi akashika kulia. Wa madoadoa akashika kushoto. Kati yao wakaacha nafasi ya nira, wakainamisha vichwa, wakangoja.

Hakuna mtu wa Kinyangiri aliyehitaji kuelezwa. Pale kila mmoja amelima, na kila mmoja anajua maksai anaufahamu upande wake na sauti ya mtu wake. Marungu yalishuka moja moja. Ezekieli ndiye alikuwa wa mwisho.

"Meneja?" alimuuliza Paschal. "Jina gani hilo?"

"Alipokuwa mdogo alikuwa hafanyi kazi, kazi yake kusimama na kutafuna," Paschal alijibu. Akajaribu kucheka, akaanza kulia.

Mama alimpa chai na maandazi. Kikombe kiligonga meno yake muda wote. Hakushukuru, na kwa nini ashukuru? Malori ya Arusha yalimtajia bei nzuri, akakataa hata kuwasikiliza, akashika njia ya kurudi Mtinko na maksai wake mmoja kila upande.

Mimi, sitadanganya, nilikuwa najisikia vizuri mno. Moyoni nilikwisha faulu mtihani. Nilitaka baba aniambie neno. Nilizunguka uwanja mzima nikimtafuta, nikapita kwenye malori, nikapita kwa wachoma nyama, mpaka nikamwona kule josho, amekaa peke yake juu ya ukingo wa saruji. Filimbi ilikuwa kwenye kiganja chake. Alikuwa ameikata kamba.

"Baba, umeona walivyojipanga?" nilisema. "Kama wamefungwa nira!"

Hakuniangalia.

"Yule wa themanini na nane naye aliomba," alisema. "Maneno hayo hayo. Nimwite, mzee. Wa kwake alikuwa mmoja, lakini alisema hivyo hivyo. Nilidhani anatafuta nafasi ya kukimbia. Nilipuliza neno likiwa bado mdomoni mwake."

Nilikaa chini. Nilimwona yule maksai mwenye paji jeupe, amesimama kwenye zizi letu tangu mwezi wa kumi hadi Krismasi, anaangalia njia. Kwetu mbuzi mmoja akipotea, kabla ya jioni watu watatu wamekuja kumuulizia. Kwa maksai mzima hakuja mtu. Miaka kumi na mmoja tulilijua hilo sote, na hakuna aliyejiuliza. Mwenyewe hakuja kwa sababu mwenyewe alikwisha kuja. Niliyakumbuka yale maini, nikafunika mdomo kwa kanga.

Mnadishaji akaanza kutaja bei tena.

"Hizo seli zako," baba alisema. "Ikiua isiyo na kosa, inakuja kujua?"

Nilitafuta kwenye zile kurasa tatu, kichwani. Jibu halikuwemo.

"Hapana, baba. Haijui."

Alichukua mkono wangu, akaniwekea filimbi ndani yake, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Afadhali yake," alisema.